Daftari la Mengo, Pembe ya Kukhu: Miaka 100 ya Shule ya Tiba ya Makerere Ikitazamwa Kutoka Kakamega

Juu ya meza yangu hapa Kakamega pana pembe ya ng'ombe, urefu wake shubiri moja. Mdomo wake mpana umesuguliwa ukawa laini kama ukingo wa kikombe. Ncha imekatwa na kutobolewa tundu jembamba, na kando ya tundu hilo imesalia nta ya nyuki, nyeusi, iliyokauka ikawa ngumu kama ukucha. Ilikuwa pembe ya Kukhu, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu. Siku moja mjomba alifika akichechemea, goti limevimba asiweze kulikunja. Kukhu alimkalisha juani, akamchanja chale tatu fupi, akaipachika pembe juu yake na kufyonza hewa kupitia lile tundu. Kisha akaliziba tundu kwa ulimi, kwa nta aliyokuwa ameificha shavuni muda wote huo. Alipoinua kichwa, pembe ilikuwa imeng'ang'ania goti peke yake bila kushikwa na mtu. Sisi watoto tulidhani ni uchawi. Ilikuwa hewa tu: ya ndani imepungua, ya nje inakandamiza, na damu inavutwa kuja juu.

Waswahili huiita pembe hiyo chuku, na kazi yake huitwa kuumika. Leo ukimwambia kijana aache kupiga chuku, ataelewa kwamba unamkataza kutia chumvi katika maneno yake. Kwamba hapo kale kulikuwa na pembe, hana habari. Neno limedumu, chombo kimepotea.

Naianza historia ya Shule ya Tiba ya Makerere kwa pembe ya Kukhu, na nina sababu. Shule hiyo ilitimiza miaka 100 mwaka 2024, na mengi yalisemwa juu ya madaktari iliowatoa na magonjwa iliyoyafumbua. Yote ni kweli na yanastahili kusemwa. Mimi lakini naithamini zaidi kwa jambo ambalo halina kelele: ilirithi makaratasi ya watu waliokuja kabla yake, na haikuyatupa. Makaratasi hayo yalikuja kujibu swali ambalo mwandishi wake hakuwahi kuulizwa.

Sisi wa huku tulikuwa Uganda kabla hatujawa Kenya. Mpaka Aprili 1902 nchi ya Waluhya ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na Mumias, makao ya Nabongo Mumia, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka pwani kwenda Buganda. Hapo ndipo wapagazi walipopumua na kununua unga. Askofu James Hannington alipita Mumias mwaka 1885 akielekea kifo chake Busoga, na masalia yake yalikaa huku mpaka yalipopelekwa kuzikwa Namirembe mwishoni mwa mwaka 1892. Njia ya miguu kutoka Mombasa ndiyo iliyomfikisha Mengo, huko Buganda, Februari 1897, daktari Mwingereza wa miaka 26 aliyeitwa Albert Cook. Katika msafara huohuo alikuwemo muuguzi Katharine Timpson, ambaye alimwoa mwaka 1900.

Hospitali yao ya Mengo ilianza kwa nyumba ya matete na udongo mwaka huohuo wa 1897. Ndugu yake Cook, Jack, naye daktari, alimfuata baada ya miaka miwili. Mwaka 1901 ndugu hao wawili waliwapokea wagonjwa waliokuwa wakisinzia hata chakula kikiwa mkononi. Yalikuwa malale, yaliyokuja kuua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria. Novemba 1902 radi iliipiga hospitali ikateketea. Ilijengwa upya, safari hii kwa matofali, na mwaka 1907 ikapata mashine ya eksirei, ya kwanza Uganda. Fikiria mashine hiyo ikiwasili mahali ambapo umeme haupo, na kila unachotaka kukiwasha lazima kwanza ukitafutie nguvu ya kukiwasha.

Eksirei inavutia macho, na ndiyo ambayo jumba lolote la makumbusho lingeitanguliza mlangoni. Nikipewa nafasi ya kuchagua, mimi nitaipita na kwenda kwenye rafu ya madaftari.

Tangu mwaka wa kwanza, kila mgonjwa aliyelazwa Mengo aliandikwa. Jina lake, umri, kabila, anaumwa nini, amefanyiwa nini, ameondokaje: amepona, ametoroka au amekufa. Kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu ya kuchovya, usiku, baada ya mchana mzima wa upasuaji. Kuna madaktari wengi waliofanya kazi kubwa Afrika Mashariki zama hizo, na hawakuacha zaidi ya barua za kuomba msaada na hesabu ya roho walizoziokoa. Cook aliacha wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja. Nadhani huo ndio upasuaji wake mkubwa kuliko wote, ingawa haukuhitaji kisu.

Shule yenyewe ilizaliwa pole pole. Mwaka 1913 kilifunguliwa kituo cha tiba katika kilima cha Mulago, hasa kwa ajili ya kaswende na malale. Ikaja Vita Kuu ya kwanza, na vijana Waafrika walioingizwa katika kikosi cha tiba walionyesha kwamba wanaweza kufunga jeraha, kutumia hadubini na kuendesha wodi. Mwaka 1922 chuo cha ufundi kilifunguliwa Makerere kwa vijana 14 wa kujifunza useremala, uashi na umakanika. Miaka miwili baadaye, mwaka 1924, mafunzo ya tiba yalikuwa yamekwisha kuanza, wanafunzi wakilala Makerere na kujifunza Mulago. Waliandaliwa kuwa wasaidizi wa madaktari, na kwa miaka mingi cheti chao kilihesabiwa kuwa chini ya kile cha Mwingereza hata pale walipofanya kazi ileile kwa mikono ileile. Ilichukua zaidi ya miaka 30 mpaka baraza la madaktari la Uingereza likakitambua cheti cha Makerere. Dhuluma hiyo haikufutika kwa kutambuliwa. Wapo waliostaafu wakiitwa wasaidizi.

Kwa Mkenya, Makerere ilikuwa ndiyo njia. Chuo Kikuu cha Nairobi hakikuwa na shule ya tiba mpaka mwaka 1967, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 40 kijana wa Kakamega, Kisii au Nyeri aliyetaka kuwa daktari bila kuvuka bahari alipanda gari la moshi kwenda Kampala. Dawa alizotuandikia aliporudi, namna alivyotugusa tumbo, hata maswali aliyotuuliza kabla ya kutushika, alijifunza katika wodi za Mulago.

Mulago kulikuwa pia na chumba kingine. Idara ya patholojia iliweka jumba lake la makumbusho: viungo vya binadamu katika chupa za dawa ya kuhifadhia, kila chupa na namba yake, ili mwanafunzi aone kwa macho ini lililoharibika au moyo uliovimba. Si mahali pa kumpeleka mgeni kutembea. Kila chupa ni mtu ambaye hakupona, na aliyebaki nyumbani pengine hakuambiwa. Lakini daktari aliyefundishwa na chupa hizo hakumkosea mgonjwa aliyefuata. Mtaalamu J. N. P. Davies, aliyefika Mulago mwaka 1945, ndiye aliyeipa idara hiyo sifa, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianza kuorodhesha kila saratani iliyoonekana Kampala. Hugh Trowell naye, katika wodi za watoto, alikuwa akibishana na wenzake kwamba mtoto mwenye miguu iliyovimba na nywele zilizobadilika rangi ana njaa ya namna fulani, hana minyoo wala kaswende. Ndiye aliyemwita jirani yake wa upasuaji siku moja ya mwaka 1957.

Jirani huyo alikuwa Denis Burkitt, mpasuaji mwenye jicho moja. Lingine alilipoteza akiwa mvulana wa miaka 11. Trowell alimwonyesha mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Jipu halivimbi pande nne. Majuma machache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine kwenye nyasi, amekaa na mamake, ana uso uleule. Akatoka nje mbio. Mtoto alikuwa na uvimbe tumboni pia. Burkitt alirudi Mulago, akafungua majalada ya wagonjwa na kuanza kuhesabu.

Mwaka 1958 alichapisha alichokiona. Kisha akataka kujua ugonjwa huu unaanzia wapi na unaishia wapi. Oktoba 1961 yeye na marafiki wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda Ford kuukuu iliyonunuliwa kwa pauni 250 wakaelekea kusini. Walisafiri maili 10,000 katika muda wa wiki kumi, wakapita hospitali 57, na kila walipofika waliuliza swali moja huku wakionyesha picha: mmewaona watoto hawa? Walikoambiwa ndiyo, walitia alama kwenye ramani. Walikoambiwa hapana, walitia alama nyingine. Ramani ilipokamilika, ugonjwa ulikuwa umejichora wenyewe: nchi za joto na mvua, na Afrika Mashariki hauvuki mwinuko wa futi 5,000 hivi.

Hapo ndipo mtu wa Kakamega anapoinua macho kwenye ukurasa. Futi 5,000 ni kama mita 1,500. Mji wetu uko mita 1,535 juu ya usawa wa bahari. Mstari wa Burkitt unapita uani kwetu. Teremka kuelekea Mumias na Butere unaingia ndani ya eneo la ugonjwa. Panda kuelekea Nandi unatoka. Mpaka leo magharibi ya Kenya ni miongoni mwa sehemu za dunia ambazo watoto huugua saratani hii zaidi, na mama akiona jino la mwanawe linalegea kabla ya wakati na shavu linajaa, asingoje.

Burkitt alikuwa amefanya jambo jingine kabla ya safari. Machi 1961 alitoa mhadhara London, na aliyekaa akimsikiliza ni mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akiwinda virusi vinavyoleta saratani. Kwa miaka miwili vipande vya uvimbe vilirushwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda London bila mafanikio. Kimoja kilichelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikatua Manchester, na kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Badala ya kuyamwaga, waliyatazama. Chembe za uvimbe zilikuwa hai, zinaelea. Kutoka kwenye chembe za aina hiyo, mwaka 1964, Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong waliviona kwa hadubini ya elektroni virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Swali moja lilikuwa bado. Je, ugonjwa huu ni mgeni? Kama ulifika juzi, basi wa kushtakiwa ni kitu kilichofika juzi: dawa fulani, chakula fulani, chanjo. Kama ni wa kale, wa kushtakiwa ni nchi yenyewe, mvua na joto lake na mbu wake. Nani angejua? Watoto waliokufa mwaka 1905 hawana wa kuwasemea.

Walikuwa naye. Davies na wenzake, miongoni mwao madaktari wa Kiafrika Raphael Owor na L. A. R. Mtimavalye, walikaa na madaftari ya Mengo, mwaka baada ya mwaka tangu 1897 mpaka 1956, wakahesabu kila saratani. Matokeo yalichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1964. Humo madaftarini walimkuta mtoto mwenye uvimbe wa taya, amechorwa kwa mkono wa Cook mwenyewe, miongo kadhaa kabla ya Burkitt kukanyaga Uganda. Cook hakuujua ugonjwa ule. Hakuwa na jina la kuupa. Aliuona, akaona kwamba haufanani na mengine, akachora. Cook alikufa Kampala Aprili 1951 bila kujua kwamba mchoro wake ungekuwa ushahidi. Madaftari yake yamo leo katika maktaba ya tiba ya Makerere inayoitwa kwa jina lake, na wanafunzi wa udaktari wanasomea katika jengo hilohilo.

Natamani ningeweza kusema hivyo juu ya kisu cha Kahura.

Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, mwanamke wa miaka kama 20 akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Alipewa pombe ya ndizi mpaka akalegea. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe hiyo, akaliosha tumbo kwa pombe hiyohiyo, halafu kwa maji. Alipasua mara moja, kutoka juu kidogo ya kinena mpaka chini ya kitovu, msaidizi akizuia damu kwa chuma cha moto, kwa uangalifu bila kuunguza ovyo. Mtoto akatoka, kondo likatoka. Jeraha lilifungwa kwa vijiti saba vya chuma vilivyong'arishwa, vikazungushiwa uzi wa gome la mti, na juu yake ikapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa. Vijiti viliondolewa vichache vichache, na kufikia siku ya sita vyote vilikuwa vimetolewa. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Felkin aliyasoma hayo mbele ya madaktari wa Edinburgh mwaka 1884, wakati ambapo katika hospitali nyingi za Ulaya mwanamke aliyepasuliwa hivyo alikuwa na nafasi ndogo ya kurudi nyumbani.

Kisu kilichofanya kazi ile kilichukuliwa, kikaishia London katika mkusanyiko wa tajiri wa dawa Henry Wellcome. Kipo, kimetunzwa. Lakini jina la mpasuaji halikuandikwa. Hatujui alifundishwa na nani, wala alimfundisha nani, wala mama yule na mwanawe walikuja kuwa akina nani. Felkin alihesabu vijiti, na jina hakuliuliza. Ndiyo tofauti ya Mengo na Kahura. Mengo mgonjwa ana jina na kisu hakina sifa. Kahura kisu kina sifa na hakuna mwenye jina. Mtu aliyenawa mikono kabla ya kupasua, Bunyoro, mwaka 1879, alistahili mstari mmoja tu wa wino.

Nasi Kakamega tuna ya kwetu ya kuweka rafuni. Hapa jirani, Kaimosi, Maquaker kutoka Marekani walijenga misheni mwaka 1902, na mwaka uliofuata akaja daktari wao wa kwanza, Elisha Blackburn. Lakini kitu ambacho ningekitanguliza mimi ni kaa. Kaa wa mtoni, yule ambaye watoto humchokoa chini ya mawe.

Katika mito ya msitu wa Kakamega na Kaimosi watu walikuwa wakipofuka. Kwanza ngozi inawasha, inakunjamana kama ya mzee. Halafu, baada ya miaka, macho yanafunga. Anayeleta ni usubi mweusi anayeuma kandokando ya maji yanayokimbia, akiacha mwilini minyoo myembamba kuliko unywele. Kumpima mgonjwa kulihitaji sindano na wembe: unainua ngozi kidogo kwa ncha ya sindano, unakata kipande chembamba, unakitia katika tone la maji chini ya hadubini, na ukiwa na subira unawaona wakitoka wakiogelea. Usubi mzima alijulikana. Watoto wake hawakuonekana popote, si kwenye majani wala kwenye mawe, ambako usubi wa aina nyingine huzaliwa. Utampigaje adui ambaye hujui analala wapi? Mwaka 1950 V. D. van Someren na J. P. McMahon walitangaza jibu: viluwiluwi vya usubi huyu hujibandika juu ya gamba la kaa. Kaa anatembea, nao wanatembea naye. Hata kabla ya jibu hilo kupatikana, tangu mwaka 1946, kwanza Kodera upande wa Nyanza Kusini na baadaye katika mito ya huku kwetu, DDT ilitiwa majini kwa vipimo, ikarudiwa na kurudiwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 usubi huyo alikuwa amekwisha Kenya. McMahon na wenzake waliandika habari hiyo katika jarida la Shirika la Afya Duniani mwaka 1958. Waliozaliwa Kakamega baada ya hapo hawakuujua upofu huo, na ndiyo maana wengi wetu hata jina lake hatulijui.

Chuo cha WECO kilichoanza Kakamega mwaka 1972 kikawa chuo kishiriki cha Moi mwaka 2002, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Sasa kinafundisha udaktari, na mwana wa Shinyalu anaweza kuwa daktari bila kupanda gari kwenda Kampala. Ningependa shule hiyo, ambayo bado ni changa, iige kutoka Makerere lile jambo lisilo na kelele. Kaa mmoja katika chupa ya spiriti, na wembe na sindano kando yake. Mkasi wa mkunga aliyestaafu Malava. Mizani ya kliniki ya watoto, ile yenye ndoana na suruali ya turubai. Na kila kimoja kiwe na jina la aliyekitumia, maana tumekwisha kuona kinachotokea kisu kinapobaki bila jina.

Nimekata kadi kwa ajili ya pembe iliyo mezani. Nimeigawa kwa mistari kama ukurasa wa Mengo. Kifaa: chuku ya pembe ya ng'ombe. Mtumiaji: hapo nimeandika jina la Kukhu, lote, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwa sababu ilinibidi kumpigia shangazi simu aniambie. Mgonjwa: mjomba, goti la kulia. Alichofanyiwa: chale tatu, pembe moja, tangu jua la saa nne mpaka kivuli kilipofika mlangoni. Matokeo: kesho yake alfajiri alikwenda kukamua.